Safu ya Anayepokea

Hospitali ya Wilaya, Santa Ines
11 Januari 2004

Mdogo wangu Pepang,

Sanduku limefika. Limelowa upande mmoja lakini halikuibiwa kitu, maana Delfin wa getini alilikalia juu kutoka gatini mpaka hapa, mtu akilisogelea anakohoa. Nyuzi za kushonea ni dhahabu kwetu. Glavu ni kubwa mno. Huko Ayalandi wanaume wote wana mikono ya kukamulia ng'ombe? Nimezifunga kwa plasta kwenye viganja, nikatoa kidole tumbo cha mtoto wa mwalimu Teofila. Mtoto mzima, anakula wali.

Consorcia ameondoka. Ndiyo, Consorcia wako, uliyemfundisha kushika mkasi. Alivua kofia asubuhi ya Jumanne, akapita getini na begi, kesho yake yuko Riyadh. Hakukabidhi zamu. Niliingia wodini nikakuta dripu ya mgonjwa imekauka na hakuna anayejua alipewa dawa gani. Nilipandwa na hasira. Unaijua kanuni yangu: hata nyumba yako ikiungua, huvuki mlango wa wodi mpaka mwenzako ameweka sahihi. Daftari la zamu lina safu mbili, ya anayekabidhi na ya anayepokea, na kwa miaka ishirini na sita sikuwa nimeona safu ya pili ikiwa wazi mpaka siku hiyo. Wewe nawe ulitukimbia, lakini ulikabidhi. Sahihi yako ipo. Siku nikikukasirikia sana huwa naifungua naitazama, hasira inapungua kidogo.

Sasa wa kushika kisu kisiwa kizima ni mimi peke yangu, na mkunga Basilia ambaye haoni sindano mpaka imchome. Bajeti imekatwa tena. Mkuu wa mkoa anasema nchi inalipa madeni kwanza. Nilimuuliza, je, nimkatie mgonjwa hilo deni anywe na maji? Hakucheka.

Habari njema nimeibakiza mwisho. Mwanao Jovelyn ana mimba ya miezi mitatu. Arnel alishuka melini kwa likizo, akaacha zawadi, akarudi baharini. Nyonga za binti ni zile zile, na wa kwanza nilimtoa kwa kisu, kwa hiyo na huyu nitamtoa kwa kisu. Nimeandika kwenye kalenda: katikati ya Julai. Usihangaike. Mimi nipo.

Nisamehe kuchelewa kujibu. Desemba nzima nilikuwa kwenye ile semina yangu ya mjini Iloilo.

Kaka yako,
Loy


Rathkeel, Ayalandi
2 Februari 2004

Kaka Loy,

Nimelia, nimecheka, nimemtukana Arnel, kisha nimewasha mshumaa. Kwa mpangilio huo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu Jovelyn analia na mimi nalia na dakika zinaisha. Sikiliza basi. Mara ya kwanza nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama upande wako wa kulia nikikupa vyombo, na niliona damu ile ya mwanangu ilivyotoka. Tungechelewa nusu saa tu, leo ningekuwa nazungumza na msalaba. Kwa hiyo usiniambie "usihangaike" kama unamwambia mke wa mtu. Niambie utakuwepo Julai. Andika kwa mkono wako.

Consorcia nimemlaani kisha nimemsamehe. Nani wa kumtupia jiwe, mimi?

Na hiyo semina. Kaka, semina ya miaka miwili! Kila Ijumaa unapanda meli, Jumapili unarudi macho mekundu. Wifi Amparo ameniandikia, hakusema kitu, ila ameuliza kama madaktari wa Ayalandi nao huenda semina. Kama kuna mwanamke Iloilo, mwambie mkeo mwenyewe kabla Basilia hajamwambia, maana huyo haoni sindano lakini hilo ataliona.

Wagonjwa wangu hawajambo. Hapa mvua inanyesha mpaka ndani ya mifupa.

Mdogo wako,
Pepang


Santa Ines
14 Machi 2004

Pepang,

Hakuna mwanamke. Naapa kwa kaburi la mama. Kwa umri huu, na usingizi nilionao, mwanamke angenikuta nimelala mlangoni kwake. Semina imekwisha, wamenipa cheti, sitakwenda tena Iloilo. Mwambie Amparo, labda wewe atakuamini.

Jovelyn anakuja kila wiki mbili, anabishana nami juu ya chumvi. Anakula dagaa wakavu kwa siki mpaka miguu imevimba. Nikimkaripia anasema, "Mjomba, mwanangu ni wa kisiwani, unataka ale keki?" Ana ulimi wako.

Unataka niandike kwa mkono wangu. Naandika: nitakuwepo Julai.

Sasa niache nikalale. Wiki iliyopita waliletwa wawili kwa wakati mmoja, mama anayevuja damu na mvuvi aliyepasuliwa na rafadha ya injini. Meza ni moja na mimi ni mmoja. Nilimchagua mama. Mke wa mvuvi hakunilaumu, alinishukuru. Afadhali angenipiga kofi.

Loy


Rathkeel
18 Aprili 2004

Kaka Loy,

Leo nakuungamia jambo, kwa sababu barua yako ya mvuvi imenitia aibu.

Mimi si muuguzi wa chumba cha upasuaji. Tangu nifike sijagusa mkasi ila wa kukatia kucha. Ile hospitali kubwa niliyowaambia haipo. Hii ni nyumba ya wazee, vitanda thelathini na kimoja, nawaogesha, nawalisha, nawageuza wasiote vidonda. Mimi niliyekuwa nakupa kisu kabla hujanyoosha mkono! Kuna mzee mmoja, Malachy, alikuwa na ng'ombe, watoto wake sita wote wako Boston na Australia. Kila asubuhi ananiuliza kama meli imeondoka. Namwambia bado. Nampenda, Mungu anisamehe, nampenda kuliko nilivyowapenda wagonjwa wetu, kwa sababu hapa nina muda.

Basi niliwadanganya. Ungesemaje ungejua muuguzi wako wa zamu anafuta makalio ya watu kwa diploma ya upasuaji?

Lakini sikiliza nichekeshe. Meneja wetu, Bi. Geraldine, anataka kuongeza muuguzi mmoja kutoka kwetu. Wakala wa Manila ametuma mafaili ishirini na mawili. Jina, umri, mume au mke, vyote wamefuta, ndiyo sheria yao ya kutopendeleana. Zimebaki namba na kazi alizofanya mtu. Geraldine akasema, "Wewe ndiye unayezijua hospitali za kwenu, nichagulie." Nilikaa nayo jioni tatu. Wengi ni vitoto vya jana. Ila namba kumi na saba! Kaka, huyo ameshona matumbo, ametoa watoto waliotanguliza miguu, amekata miguu ya watu kwa taa ya mafuta. Huyo si muuguzi, huyo ni daktari aliyevaa gauni letu. Siku hizi wanafanya hivyo, nasikia, madaktari wazima wanarudi darasani kusomea uuguzi ili wapate kutoka. Penye "sababu ya kuomba" kila mtu amejaza maneno matamu. Yeye ameandika: Nataka kulala usiku.

Nilicheka mpaka nikalia. Nikamchagua. Geraldine alitaka aje Septemba, nikamwambia mtu kama huyu Wasaudi watamnyakua, mwite sasa hivi. Akanisikiliza, ameagiza aje mwanzoni mwa Julai.

Kuna kijiji fulani kule kwetu kitalia. Nimekiombea rozari moja. Ndiyo ubaya wetu, tunaiba kisha tunasali.

Wewe lala, Kaka. Julai nakuhitaji na mikono isiyotetemeka.

Pepang


Santa Ines
16 Mei 2004

Pepang,

Mimi ndiye namba kumi na saba.

Nimeanza barua hii mara nne na kila mara nilitanguliza salamu, nikaona nazunguka tu. Semina ilikuwa chuo cha uuguzi. Darasani tulikuwa arobaini, na kumi na mmoja ni madaktari. Aliyekaa kulia kwangu ni daktari wa watoto, wa kushoto ni wa moyo. Mwalimu wetu wa vitendo ni nani? Marivic, yule mwanafunzi aliyezimia kwenye upasuaji wake wa kwanza, nikambeba mimi. Alinifelisha kutandika kitanda. Nimepasua matumbo elfu, nimefeli kona za shuka. Akaniambia, "Daktari, samahani, huko ng'ambo wanaangalia kona." Hakuwa na kejeli, maskini, alikuwa na huruma. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Sikujua faili linakwenda kwako. Wakala aliniambia Ulaya, basi. Nilidhani nitaitwa mwakani, baada ya Jovelyn. Nilipokuandikia "nitakuwepo Julai" sikukudanganya. Wiki jana ndipo ilipokuja simu ya wakala: kuripoti Julai tano, ukikosa nafasi anapewa mwingine na utarudi mwisho wa foleni. Nikajiuliza nani huyu mwenye haraka nami hivyo. Kisha ikaja barua yako.

Nilicheka, Pepang. Niko peke yangu chumba cha upasuaji, nacheka, Delfin akaja kuchungulia.

Ukitaka kunilaani, laani, lakini jua hili. Nina miaka hamsini na tatu. Mshahara wa miezi mitano haujaja. Mwanangu wa pili ameacha chuo, hakuniambia, nimeambiwa na watu. Na si hayo. Ni meza ile moja. Kila wiki wanaletwa wawili. Sitaki tena kuchagua. Huko kwenu mtu akifa amefika miaka tisini na amefunikwa blanketi.

Ukisema nibaki, nitabaki. Wewe ndiye mama yake. Nakuachia wewe, na najua si haki.

Loy


Rathkeel
6 Juni 2004

Kaka,

Umenifanyia ukatili. Umenipa kisu ukashika taa.

Mara mbili nimekwenda mpaka mlango wa Geraldine kumwambia nilikosea, namba kumi na saba hafai. Ya kwanza nilimkuta na simu, nikafurahi kumkuta na simu. Ya pili alikuwa peke yake. Akaniuliza, "Kuna nini, Perpetua?" Nikasema sabuni imekwisha.

Unataka kujua kwa nini? Kwa sababu miaka mitatu sijasikia mtu akiniita Pepang. Kwa sababu Krismasi nilipika tambi zetu za pansiti nikazila nimesimama. Kwa sababu nilikuona akilini unashuka basi pale kituoni na kofia yako mbaya ile, na nikaitaka picha hiyo kuliko nilivyomwogopea mwanangu. Nimelisema. Lisomwe siku ya hukumu.

Basi njoo. Lakini Jovelyn awe Iloilo kabla hujafunga mlango. Umpandishe meli wewe mwenyewe, si Amparo, si Delfin. Akae kwa binamu Nenita karibu na hospitali mpaka siku yake. Usipofanya hilo usije mbele yangu.

Pepang


Santa Ines
29 Juni 2004

Pepang,

Haraka haraka, ndege inatoka Manila tarehe pili, nami naondoka kesho. Jovelyn amekataa kuondoka na mimi. Mtoto wake wa kwanza ana surua, anataka homa ishuke kwanza. Nimemkatia tiketi ya meli ya tarehe tatu, kiti cha chini penye utulivu, na Nenita anajua. Nimempima leo asubuhi, mtoto amekaa vizuri, wiki mbili bado zipo. Bahari imetulia kama maji ya beseni.

Waliomba wafanye misa ya kuniaga, nimekataa. Basilia hanisemeshi.

Nakuletea fenesi na embe kavu.

Loy


Santa Ines
12 Septemba 2004

Kwa Muuguzi Eulogio Magbanua,
Nyumba ya Wazee, Rathkeel

Niliporudi huku sikukuaga vizuri, Kaka, basi nakukabidhi zamu kwa barua. Mwalimu wangu alinifundisha kwamba hata nyumba yako ikiungua, huvuki mlango.

Kitanda cha tatu, Bi. Nuala: anatema vidonge chini ya mto. Kaa naye mpaka umeze mate wewe mwenyewe ndipo naye atameza. Kitanda cha tisa: usimguse bega la kushoto, la sivyo atakuchukia mwezi mzima. Kitanda cha kumi na nne, Malachy: chai kwanza, ndipo kuoga. Akikuuliza kama meli imeondoka, mwambie bado. Kona za shuka zake zibane sana, anapenda. Nadhani sasa unaziweza.

Sasa nikupe ya huku, maana nawe ulitoka bila kuagwa.

Meli ya tarehe tatu haikuondoka. Kimbunga kiligeuka kutoka kaskazini na walinzi wa pwani wakafunga bandari siku tano. Jovelyn alishikwa na uchungu tarehe sita. Basilia alimpima akajua mtoto hapiti bila kisu, akamwita Delfin. Delfin alifungua chumba cha upasuaji kwa ule ufunguo uliomwachia. Akawasha taa ya juu ya meza, akachemsha vyombo vyako vyote, akavipanga kwenye trei kama alivyokuwa akiona tunafanya. Halafu wakasimama, yeye na Basilia, wakimtazama mwanangu juu ya meza. Nimemuuliza Delfin kwa nini alichemsha vyombo. Akasema, "Mama Pepang, sikuwa najua kufanya kingine."

Tarehe nane watu waliiba, ndiyo, waliiba, ngalawa ya injini ya mkuu wa polisi, wakavuka na Jovelyn mpaka Iloilo. Siku hiyo hiyo, Kaka, mimi na wewe tulikuwa tumembeba Malachy, wewe mabegani mimi miguuni, ulikuwa unamwimbia wimbo wa kwetu na mzee anacheka, ndipo Geraldine aliponiita kwenye simu. Ilikuwa siku yako ya nne kazini. Nakumbuka ulimlaza kwanza, taratibu, ukamfunika, ndipo ukaniuliza nani amepiga.

Madaktari wa Iloilo walimwokoa Jovelyn. Mtoto alikuwa wa kike, alishakufa. Kizazi kimetolewa. Jovelyn alimpa yule mtoto jina langu, akamzika. Kwa hiyo lipo kaburi hapa Santa Ines lenye jina la Perpetua, nalipita nikienda kazini.

Ndiyo, kazini. Nimefungua wodi. Daktari hakuna, na wamesema hatapatikana. Nafunga vidonda, natundika dripu, wazito nawapandisha meli, bahari ikitaka. Watu wananisalimu kwa heshima sana. Hawajui kwamba aliyemchagua daktari wao aondoke ni mimi, jioni tatu, kwa kalamu nyekundu. Nitawaambia. Sijapata siku.

Sikuchukii. Nilijaribu, ila kila nikianza nakuta nami niko kwenye lile faili, na Geraldine aliyehitaji mikono, na Malachy, ambaye kosa lake ni kuwa mzee na watoto wake wako mbali kama mimi nilivyokuwa. Ningempata mmoja tu wa kumchukia ningepumzika.

Jovelyn amepona tumboni. Jana alikuja na fomu, anataka niweke sahihi ya mzazi. Mwezi wa kumi na moja anaanza chuo, Iloilo, uuguzi. Nikamuuliza, "Unataka kuja kunisaidia hapa?" Akanitazama kwa huruma, macho yale yale uliyoyasema ya Marivic. Akasema, "Mama, hapa?"

Nimeweka sahihi.

Na jingine. Daftari la zamu nililikuta mezani kwako, limefunguliwa ukurasa wa tarehe thelathini Juni. Umeandika kila kitu kwa mwandiko mzuri: wagonjwa sita, dawa zao, vidonda vyao, na wa sita ni Jovelyn, jina lake chini kabisa, umelipigia mstari mara mbili. Safu ya anayekabidhi ina sahihi yako. Safu ya anayepokea ipo wazi. Delfin anasema ulikaa mbele ya ukurasa ule saa nzima, kalamu mkononi, kana kwamba kuna mtu angeingia.

Nimeingia mimi. Nimechelewa miezi miwili na siku kadhaa, lakini nimesaini: nimepokea wagonjwa watano. Penye wa sita, jina lenye mistari miwili, nimeandika kwamba alihesabiwa mmoja wakati walikuwa wawili.

Unalala sasa, Kaka?

Perpetua,
wa zamu